Ngojangoja na Harakaharaka: Wakati wa Kupanda na Matumizi ya Naitrojeni katika Kilimo cha Mahindi

Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili zimo mbili ambazo walimu aghalabu huzitumia kuwaonyesha wanafunzi kwamba methali huweza kukinzana. Ya kwanza husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ya pili huonya, "Haraka haraka haina baraka." Mwanafunzi anayezisikia zote mbili katika kipindi kimoja huuliza afuate ipi na aache ipi. Jibu analopewa kwa kawaida ni kwamba kila methali ina mahali pake na wakati wake. Jibu hilo ni sahihi, ila hubaki kuwa la jumla mpaka lipatiwe mfano unaoshikika. Mfano mmoja wa aina hiyo hupatikana katika shamba la mahindi.

Kila mwaka mkulima wa mahindi hukabiliwa na maamuzi mawili makubwa. Uamuzi wa kwanza ni siku ya kutia mbegu ardhini. Wa pili ni namna ya kuilisha mimea yake naitrojeni, kirutubishi ambacho upungufu wake ni miongoni mwa sababu kuu za mavuno haba. Katika uamuzi wa kwanza, methali ya ngojangoja ndiyo yenye haki: anayekawia hupoteza. Katika uamuzi wa pili, methali ya harakaharaka ndiyo inayostahili kusikilizwa: anayemwaga mbolea yake yote siku ya kwanza huilisha mito badala ya kuilisha mimea.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini mambo yako hivyo, kwa kurejelea nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, hususan maeneo ya Trans Nzoia na Uasin Gishu. Maeneo haya huitwa ghala la taifa, na ndiko utafiti kuhusu wakati wa kupanda mahindi ulikofanywa kwa kina. Fauka ya hayo, makala yanagusia mchango wa msamiati wa Kiswahili katika kuyahifadhi na kuyaeneza maarifa haya.

Majira ya Nyanda za Juu

Mji wa Kitale uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kunyesha huko mwishoni mwa mwezi wa Machi au mapema mwezi wa Aprili, na huendelea, zikipungua na kuongezeka, hadi karibu na mwezi wa Oktoba. Hali hii hutofautiana na ile inayodokezwa na maneno ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumeyazoea. Masika na vuli ni maneno yaliyozaliwa katika kalenda ya pwani, ambako mvua kubwa na mvua ndogo hutenganishwa na kipindi cha ukavu. Mkulima wa Machakos huweza kupanda mara mbili kwa mwaka, kwa mvua za Machi na kwa mvua za Oktoba. Mkulima wa Kitale ana msimu mmoja tu. Isitoshe, aina za mahindi zinazostawi katika mwinuko huo, kwa mfano H614, hukaa shambani kwa muda wa miezi sita hadi minane kabla ya kukauka. Kwa hivyo, mkulima akikosea mwezi wa Aprili hawezi kujisahihisha mwezi wa Oktoba. Kosa lake atalila, au tuseme atalilia, mwaka mzima.

Utafiti wa mahindi katika eneo hili ulipata sura mpya mwaka 1964, wakati mbegu ya H611 ilipotolewa kwa wakulima. Mbegu hiyo ilipatikana Kitale kwa kuchanganya mahindi yaliyoteuliwa huko na aina iliyoletwa kutoka Ekwado, Amerika ya Kusini. Wakulima wengi, wakubwa kwa wadogo, waliipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, ilidhihirika mapema kwamba mbegu bora pekee haikutosha. Majirani wawili walionunua mbegu ile ile, wakaipanda katika udongo unaofanana, waliweza kuvuna viwango visivyokaribiana.

Mtafiti A. Y. Allan alilishughulikia suala hilo huko Kitale kwa miaka kadhaa. Katika majaribio yake alilinganisha aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, idadi ya mimea shambani, palizi, pamoja na mbolea za naitrojeni na fosforasi. Tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1971 ilihusu mambo haya, ikitilia mkazo wakati wa kupanda. Ilibainika kwamba kupanda mapema kulikuwa miongoni mwa mambo yenye athari kubwa zaidi kwa mavuno. Ilibainika pia kwamba mambo haya hutegemeana. Mbegu bora iliyopandwa kwa kuchelewa katika shamba lenye magugu haikupata nafasi ya kudhihirisha ubora wake, na mbolea iliyotiwa katika shamba la aina hiyo haikurudisha gharama yake ipasavyo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mbegu hununuliwa na mbolea hununuliwa, ilhali tarehe haiuzwi dukani.

Kwa Nini Ngojangoja Huumiza

Ni rahisi kudhani kwamba hasara ya kuchelewa hutokana na kupungua kwa siku za mvua. Dhana hiyo ina ukweli katika maeneo makavu. Katika nyanda za juu, ambako mvua hudumu kwa miezi mingi, haitoshelezi. Mahindi yaliyochelewa kwa majuma matatu bado hupata mvua ya kutosha, na bado mavuno yake hupungua. Maelezo yanapaswa kutafutwa kwingine, na zipo sababu tatu zinazostahili kujadiliwa.

Sababu ya kwanza inahusu naitrojeni ambayo udongo wenyewe huitoa. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kuozesha mabaki ya mimea na wanyama, hufa kwa wingi au husinzia. Mvua za kwanza zinaponyesha, viumbe vilivyosalia huamka, huzaana kwa kasi na kuanza kula mabaki hayo pamoja na mizoga ya wenzao. Katika kazi hiyo naitrojeni iliyokuwa imefungika hufunguliwa, na udongo hujaa nitrati kwa muda mfupi. Jambo hili lilielezwa na mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi. Makala yake ya mwaka 1958 yalipata umaarufu kiasi kwamba hadi leo wanasayansi wa udongo ulimwenguni huliita jambo hilo athari ya Birch.

Nitrati hiyo ni mbolea ya bure, lakini ni mbolea isiyomngojea mtu. Chembe za udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hubeba chaji hasi, na nitrati nayo hubeba chaji hasi. Hivyo basi, udongo hauishikilii kwa nguvu. Mvua zinapozidi, maji huteremka nayo hadi kina ambacho mizizi michanga haiwezi kukifikia. Mhindi uliopandwa mapema huwa tayari umeteremsha mizizi, nayo huifuata nitrati inaposhuka. Mhindi uliopandwa majuma matatu baadaye huota juu ya karamu iliyokwisha kuliwa: sehemu moja imekwenda na maji, na nyingine imeliwa na magugu, ambayo hayakungoja kupandwa na mtu.

Sababu ya pili ni joto la udongo. Katika majuma ya mwanzo ya uhai wake, kitovu cha ukuaji cha mhindi, yaani ile sehemu ambayo majani yote na hatimaye suke huchipukia, huwa bado kiko chini ya ardhi. Hakitokezi juu mpaka mmea uwe na majani yapatayo sita. Kwa hiyo, mmea mchanga huhisi zaidi joto la udongo kuliko la hewa. Mwanzoni mwa msimu udongo huwa na joto uliloachiwa na kiangazi, tena una hewa ya kutosha. Mvua zikishakolea, udongo hulowa, hupoa, na pengine hujaa maji hata mizizi ikakosa pumzi. Watafiti P. J. M. Cooper na R. Law, katika makala yao ya mwaka 1978 kuhusu nyanda za juu za Kenya, walionyesha uhusiano kati ya joto la udongo katika siku za mwanzo za ukuaji na mavuno yanayopatikana miezi mingi baadaye. Mmea ulioanza maisha yake katika baridi hubaki nyuma, na ni nadra kuufikia ule uliotangulia.

Sababu ya tatu ni wadudu na maradhi. Bungua, wale funza wanaotoboa mabua, pamoja na wadudu wafyonzao wanaoeneza ugonjwa wa michirizi ya mahindi, huzaana kadiri msimu unavyosonga. Mashamba yaliyotangulia huwapa chakula cha kuanzia. Wakati kizazi chao cha pili kinapotokea, mahindi ya mashamba hayo huwa yamekwisha kukomaa kiasi cha kuhimili mashambulizi. Shamba lililochelewa ndilo lenye majani laini. Mkulima aliyekawia hupokea wadudu waliolelewa kwa jirani.

Hata hivyo, haifai kuielewa hoja hii kuwa ruhusa ya kupanda bila kupima. Zipo mvua danganyifu zinazonyesha siku mbili kisha zikatoweka kwa majuma mawili. Mbegu iliyoota kwa mvua hizo hunyauka, na gharama ya kupanda upya humwangukia mwenye shamba. Wakulima wazoefu hukabiliana na hatari hiyo kwa njia kadhaa. Wapo wanaopanda siku chache kabla ya mvua kutarajiwa, udongo ungali mkavu, ila mbegu huifukia kwa kina kuliko kile cha sentimita tano hivi kinachotosha katika udongo wenye unyevu, ili rasharasha isiiamshe kabla ya wakati. Wapo wanaoligawa shamba, wakatanguliza sehemu moja na kuifuatiza nyingine. Wote husaidika wakifuatilia utabiri unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya msimu wa Machi hadi Mei. Kupanda mapema, basi, maana yake ni kuwa tayari mvua zinapoingia. Ardhi iwe imelimwa tangu kiangazi, mbegu iwe nyumbani, na mbolea ya kuanzia iwe ghalani.

Kwa Nini Harakaharaka Haina Baraka

Mbegu ikishaota, kanuni hubadilika. Naitrojeni ndiyo inayojenga protini za mmea na ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo kwayo jani hunasa nuru ya jua na kutengeneza chakula. Mmea unapopungukiwa, huwa na tabia inayofanana na ya mzazi wakati wa njaa: huitoa naitrojeni katika majani makuukuu ya chini na kuipeleka kwa majani machanga ya juu. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya upungufu huonekana chini. Jani kuukuu huanza kugeuka manjano kwenye ncha, kisha umanjano hufuata ule mshipa wa katikati kuelekea shinani. Mkulima anayetazama vilele vya mahindi peke yake huchelewa kuiona dalili hiyo.

Mahitaji ya mmea hayalingani katika siku zake zote. Katika mwezi wa kwanza mhindi ni mdogo na hutumia naitrojeni kidogo sana. Unapofika magotini, ulaji wake huongezeka ghafla, na huendelea hivyo hadi unapotoa mbelewele. Kufikia wakati huo, sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo mmea utaitumia maishani mwake huwa imekwisha kufyonzwa. Baada ya hapo, mbolea inayoongezwa huweza kuyafanya majani yawe ya kijani kibichi na kuufurahisha moyo wa mwenye shamba, lakini huongeza punje chache.

Yatokanayo na hali hiyo ni wazi. Anayetia naitrojeni yote wakati wa kupanda humwandalia mtoto mchanga sahani ya mtu mzima. Kile ambacho mtoto hawezi kula hakihifadhiki, kwa kuwa hata naitrojeni iliyo katika umbo la amonia hugeuzwa nitrati na bakteria wa udongo katika majuma machache, na nitrati, kama ilivyokwisha kuelezwa, huteremka na maji. Mmea unapofika magotini ukiwa na njaa ya kweli, sahani ni tupu.

Kwa ajili hiyo, mbolea hugawanywa. Wakati wa kupanda hutiwa kiasi kidogo cha naitrojeni pamoja na fosforasi, ambayo huhitajiwa na mizizi tangu mwanzo na ambayo haichukuliwi na maji kwa urahisi. Naitrojeni iliyosalia hutiwa mahindi yanapofika magotini, takribani majuma manne hadi sita baada ya kuota kutegemea baridi ya mahali. Penye mvua nyingi sana au udongo wa kichanga, fungu hili la pili huweza kugawanywa tena mara mbili, la mwisho likitiwa kabla ya mbelewele kuchomoza.

Utaratibu wa kuitia nao una kanuni zake. Palizi hutangulia, kwa sababu kuweka mbolea penye magugu ni kumkaribisha mwizi mezani. Udongo uwe na unyevu, lakini isiwe siku ya mvua ya mafuriko. Mbolea huwekwa kando ya shina, si juu ya majani wala ndani ya kikonyo cha majani ya juu, kwani chembechembe zake huyaunguza. Yurea, ambayo ina asilimia 46 ya naitrojeni, hufukiwa. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka gesi ya amonia ikapotelea hewani.

Hesabu ya Gunia

Nambari zilizopigwa chapa juu ya gunia la mbolea huwatatiza wengi, na kwa kweli si fumbo. Gunia la mbolea ya DAP huandikwa 18-46-0. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 mna kilo 18 za naitrojeni, kilo 46 za fosforasi ikihesabiwa katika umbo la oksidi yake, na hamna potasiamu. Kwa hivyo, gunia la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni. Mbolea ya CAN ina kiasi cha asilimia 26 ya naitrojeni. Gunia lake la kilo 50 lina kilo 13. Mkulima anayetia gunia moja la DAP na moja la CAN katika ekari moja, basi, ametia kilo 22 za naitrojeni, ambazo ni sawa na takribani kilo 54 kwa hekta.

Na tuchukulie kwamba mkulima huyo anatarajia kuvuna magunia 20 ya kilo 90, yaani kilo 1,800 za mahindi makavu. Punje za mahindi huwa na naitrojeni inayokaribia kilo moja na nusu katika kila kilo 100. Mavuno hayo yataondoka shambani yakiwa yamebeba kama kilo 27 za naitrojeni, mbali na ile iliyomo katika mabua na majani. Kilo 22 zimeingia, kilo 27 zimetoka, na hata hizo 22 hazikuufikia mmea zote. Pengo hilo ni nani anayeliziba?

Huzibwa na udongo. Huzibwa na ile nitrati ya mvua za kwanza, na samadi iliyotiwa kabla ya kulima, na mabaki ya maharagwe ya msimu uliotangulia, ambayo mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Hapa ndipo maamuzi mawili yaliyotajwa katika utangulizi yanapokutana na kuwa kitu kimoja. Aliyepanda mapema huvuna naitrojeni ya udongo, kisha huijalizia kwa ya gunia. Aliyechelewa huitegemea ya gunia peke yake, nayo haitoshi. Tarehe ya kupanda, kwa maana hiyo, ni sehemu ya mbolea.

Hesabu hii ina uzito wa fedha pia. Mwaka 2022 bei ya gunia la mbolea katika maduka ilipita shilingi 6,000, na serikali ikaanzisha mpango wa ruzuku ambao mwaka 2023 uliishusha bei hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50. Hata kwa bei hiyo ya ruzuku, magunia mawili yaligharimu shilingi 5,000. Nusu ya mbolea hiyo ikichukuliwa na maji, ni kana kwamba mkulima ametupa noti za shilingi 2,500 mtoni.

Lipo onyo moja la kuongezwa. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwa mojawapo, zikitumiwa mwaka baada ya mwaka huuongezea udongo asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi, na fosforasi nayo hufungika. Katika udongo wa namna hiyo kuongeza gunia la tatu si dawa. Dawa ni kupima udongo, kutia chokaa ya kilimo na kurudisha samadi.

Kupandia na Kukuzia: Maarifa Yaliyomo katika Msamiati

Mwanaisimu hana budi kuvutiwa na namna Kiswahili kilivyozipa majina mbolea hizi. Inayotiwa wakati wa kupanda huitwa mbolea ya kupandia, na inayotiwa baadaye huitwa mbolea ya kukuzia. Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendea. Katika kupandia, kiambishi -i- kimeongezwa kwa mzizi wa kupanda ili kuonyesha kitu kinachotumiwa katika tendo hilo. Katika kukuzia, kitenzi kukua kimepitia hatua mbili: kwanza kauli ya kutendesha ikazaa kukuza, kisha kauli ya kutendea ikazaa kukuzia. Majina haya hayaelezi kemikali iliyomo ndani ya gunia. Yanaeleza wakati na kazi. Anayeyaelewa amekwisha kupata nusu ya maelekezo: hii ni ya kupandia, hivyo haifai kungoja, hii ni ya kukuzia, hivyo haina kazi mpaka kuwe na kinachokua.

Licha ya uwazi huo, mazungumzo mengi ya mashambani na ofisini hutumia maneno ya Kiingereza yaliyovishwa viambishi vya Kiswahili. Hapana ubaya lugha kukopa. Neno naitrojeni lenyewe ni la mkopo, nalo limekwisha kupata makao. Ubaya hutokea pale neno la mkopo linapolisukuma kando neno ambalo tayari linabeba maarifa. Hali kadhalika, maneno ya majira yanahitaji uangalifu. Mwandishi wa kijitabu cha kilimo anayewaambia wakulima wa Trans Nzoia wapande "wakati wa masika" amewapa miezi mitatu ya kuchagua, ilhali tofauti kati ya mavuno mema na mabaya ni ya majuma. Tafsiri sahihi katika uwanja huu hupimwa kwa magunia.

Vikwazo vya Mkulima Mdogo

Ikiwa faida ya kupanda mapema inajulikana tangu miaka ya 1960, kwa nini bado wapo wanaochelewa? Si haki kuwatuhumu kwa uvivu. Trekta za kukodi ni chache na foleni zake ni ndefu, na anayelima ekari moja hufikiwa baada ya wenye ekari hamsini. Karo za shule hulipwa mwezi wa Januari, wakati ambapo fedha za kulimia zingetakiwa. Mbolea ya ruzuku nayo ikichelewa njiani, mkulima husitasita: apande bila mbolea au aingoje? Akiingoja hadi Mei, ameipata mbolea na kuupoteza wakati.

Historia ya karibuni imetoa mafunzo makali zaidi. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwang'oa watu wengi wa Bonde la Ufa katika mashamba yao majuma machache tu kabla ya msimu wa 2008, na mwaka huo huo bei ya mbolea ulimwenguni ikapanda kwa kiasi kikubwa. Athari za fujo za Januari zilionekana katika maghala baada ya mavuno.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ndicho kisichoonekana kwa urahisi. Miezi ya Machi na Aprili huwa ni miezi ambayo akiba ya chakula ya familia maskini imekwisha. Baba na mama hulazimika kwenda kufanya kibarua ili watoto wale jioni, na kazi inayopatikana wakati huo ni ya kupanda. Hupanda mashamba ya wengine mvua zinapoingia, kisha hurudi kupanda lao wakati udongo umekwisha kupoa na nitrati kuteremka. Mavuno yao hupungua, akiba huisha mapema zaidi, na mwaka unaofuata huenda kibarua mapema zaidi. Methali ya ngojangoja, ambayo darasani hufasiriwa kuwa sitiari, kwao ni maelezo ya hali halisi: matumbo yanayoumia ni matumbo ya kweli, na aliyengoja hakungoja kwa hiari yake.

Kwa sababu hiyo, msaada unaomfikia mkulima mdogo hupimwa kwa wingi wake na vilevile kwa tarehe yake. Gunia moja lililofika mwezi wa Februari huweza kumfaa kuliko magunia mawili yaliyofika mwezi wa Mei. Hali kadhalika, debe la mahindi ya chakula lililokopeshwa mwezi wa Machi huweza kuleta mavuno kuliko mbolea, kwa kuwa humwezesha mwenye shamba kubaki shambani mwake siku ambayo mvua inaingia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba wakati wa kupanda na matumizi ya naitrojeni ni mambo yanayotegemeana. Kupanda mvua zinapoingia humwezesha mkulima kupokea naitrojeni inayotolewa na udongo wenyewe, kuupa mmea mchanga joto unaolihitaji, na kuepuka sehemu ya wadudu na maradhi. Kuigawa mbolea kati ya kupandia na kukuzia huifanya imfikie mlaji wakati ana njaa. Moja bila la pili hupoteza nusu ya faida.

Imeonyeshwa pia kwamba lugha imo katika suala hili tangu mwanzo hadi mwisho. Istilahi za Kiswahili zinazotumiwa mashambani zimebeba maelekezo ya wakati, na ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuzikusanya na kuzieleza kwa usahihi kabla hazijasahauliwa. Ama kuhusu zile methali mbili zinazodaiwa kukinzana, shamba limezipatanisha: mbegu haingoji, na mbolea haiharakishwi.